Historia ya Pwani kwa Msomaji Asiye na Maktaba: Utangulizi

Anayetaka kuisoma historia ya pwani yetu, tuseme kutoka Lamu hadi Kilwa, siku hizi anaweza kuanza bila kutoa hela yoyote zaidi ya bando la intaneti. Vitabu ambavyo zamani vilihitaji barua ya chuo na hisani ya mkutubi, leo vinapakuliwa kwenye simu mtu akiwa ndani ya daladala. Nalisema hili kwa furaha, kwani kwa muda mrefu somo letu lilikuwa la wenye viza na ufadhili. Karibu basi. Ila kabla hujaanza kupakua, ujue kwamba rafu ya bure ina upande inaoegemea. Asiyelijua hilo atasoma vitabu ishirini na kutoka na picha iliyopinda.

Sheria ndiyo inayoipanga rafu hiyo. Kitabu huwa cha bure kihalali kwa njia mbili: ama muda wa hakimiliki umekwisha, ama mwenye haki ameamua mwenyewe kukiachia. Marekani, ambako maktaba nyingi kubwa za mtandaoni zina makao yao, huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa kwa vitabu vya zamani, na kila tarehe 1 Januari vitabu vya mwaka mzima huachiwa kwa mpigo. Kenya na Tanzania huhesabu miaka 50 tangu mwandishi afariki, Uingereza 70. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachopatikana bila malipo ni kile kilichochapishwa kabla ya mwaka 1930 hivi.

Na kabla ya 1930 nani alikuwa akichapisha vitabu kuhusu pwani? Wapelelezi, wamisionari na maofisa wa serikali za kikoloni. Ludwig Krapf na safari zake (1860), Richard Burton na majuzuu yake mawili juu ya Zanzibar (1872), Kapteni Stigand na *The Land of Zinj* (1913): hao wote wanakungoja, wamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Lakini *A History of Tanzania* iliyohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu mwaka 1969 haimo. Kitabu cha Walter Rodney kilichotoka London na Dar es Salaam mwaka 1972 hakimo. Utafiti wa Abdul Sheriff juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, uliochapishwa 1987, nao haumo. Rafu ya bure inakoma pale pale wanahistoria wa kwetu wanapoanza kuandika.

Wapo wanaosikia hayo wakasema basi vitabu hivyo vya kale tuwaachie wenyewe. Siungi mkono. Burton alikuwa na kiburi kisichovumilika na alidharau karibu kila mtu aliyekutana naye, lakini alihesabu, alipima, aliuliza bei. Muhimu zaidi, wenyeji wamo ndani ya vitabu hivi. Tatizo ni kwamba jaladani pameandikwa jina la mtu mwingine.

Chukua *Swahili Tales* ya Edward Steere, iliyotoka London mwaka 1870, kabla hajawa askofu. Fungua nakala yake kwenye Internet Archive. Kiswahili kiko upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, na humo kimo kisa cha punda wa dobi pamoja na kile cha Sultani Darai. Nashauri usikimbilie ngano. Soma dibaji kwanza, ndimo Steere anamoeleza alivyozipata. Kisha ufunike upande wa Kiingereza, usome Kiswahili peke yake. Utasikia Kiunguja cha watu waliosimulia wakiwa wameketi, kabla ya kamati yoyote ya kusanifisha lugha kuundwa. Jaladani ni Steere. Midomo ni ya watu wa Unguja.

Au mtafute Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alitoka Dunda, jirani na Bagamoyo, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za mashariki, na akafia huko mwaka 1927. Maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa *Desturi za Wasuaheli*, kitabu cha 1903 kinachoeleza harusi, maziko, unyago, pepo, madeni na mengine mengi. Ukiandika jina la Mtoro kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba ya mtandaoni, huenda usipate kitu. Andika Velten, jina la Mjerumani aliyekihariri, kitabu kinatokea. Ndivyo ilivyo kwa Tippu Tip pia. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, lakini matini yake yalichapishwa mwaka 1902 na 1903 ndani ya jarida la chuo hicho hicho cha Berlin, chini ya mkono wa Heinrich Brode. Na mashairi ya Muyaka wa Mombasa yaliokolewa kwa sehemu kubwa na kumbukumbu za Mwalimu Sikujua, ila karatasi zimehifadhiwa London kwa jina la mmisionari William Taylor.

Anayejitokeza kwa jina lake ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na tafsiri ya Kiingereza inapatikana bure, kamili, kwenye mkusanyiko wa waandishi wanawake unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Hata yeye itabidi umtafute kwa jina la ndoa: Emily Ruete.

Kanuni ya kwanza ya somo letu ndiyo hiyo: tafuta kwa jina la mhariri, soma kwa ajili ya msimulizi.

Kanuni ya pili inahusu tahajia. Kompyuta haijui kwamba Quiloa ni Kilwa. Mreno aliandika Quiloa, Melinde na Mombaça. Mfaransa aliiita pwani nzima Zanguebar. Mjerumani aliandika Sansibar na Suaheli. Krapf aliandika Suahili. Waingereza wa mwanzoni mwa karne ya 19 waliandika Lamoo na Patta. Na Mafia kwenye ramani nyingi ni Monfia. Tengeneza orodha yako ya majina haya, uiweke kwenye simu. Mwanafunzi anayetafuta "Kilwa" peke yake anapata vitabu vya juzi, anayeongeza "Quiloa" anarudi nyuma karne nne.

Sasa milango yenyewe. Project Gutenberg ndiyo kongwe kuliko zote. Michael Hart aliianza tarehe 4 Julai 1971 katika Chuo Kikuu cha Illinois kwa kuchapa Tangazo la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta, na leo ina vitabu zaidi ya 70,000. Uzuri wake ni kwamba watu wa kujitolea wamesahihisha matini mstari kwa mstari, na faili ni jepesi, linafunguka hata kwenye simu ya bei nafuu. Ubaya wake ni kwamba kwa upande wetu si pana. Upana uko Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Humo ndimo ninamoshinda mimi. Kwa vitabu vya Kifaransa, kikiwemo kile kikubwa cha Guillain juu ya Afrika Mashariki (1856), nenda Gallica, ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. HathiTrust ina mamilioni ya vitabu, lakini vingi hufungwa ukiingia kutoka nje ya Marekani, hata vile ambavyo muda wake wa hakimiliki umeshapita. Usikate tamaa, tafuta kitabu hicho hicho kwingine.

Tahadhari kuhusu mafaili. Internet Archive hukupa kitabu kimoja kwa sura nyingi. Ile yenye picha za kurasa ni nzito, mara nyingi makumi ya megabaiti, lakini ndiyo unayoweza kuiamini. Ile nyepesi ya maandishi matupu imesomwa na mashine, na mashine hiyo haijui Kiswahili. Herufi m huisoma kama ni, kwa hiyo mtoto anakuwa "nitoto", na kurasa za Kijerumani zilizochapwa kwa herufi za kale hugeuka takataka kabisa. Tumia maandishi hayo kutafutia neno, ukishalipata rudi kwenye picha ya ukurasa kabla hujanukuu. Nimeona tasnifu nzuri zikiharibiwa na uzembe huu.

Na ukipata kitu cha maana, kipakue siku hiyo hiyo. Oktoba 2023 British Library ilivamiwa na wadukuzi, na huduma zake za mtandaoni zikayumba kwa miezi. Oktoba 2024 Internet Archive nayo ilivamiwa, ikazimika kwa siku kadhaa. Mwezi mmoja kabla ya hapo mahakama ya rufaa ya Marekani ilikuwa imewapa ushindi wachapishaji wanne dhidi ya mpango wake wa kuazimisha vitabu vyenye hakimiliki, na kutokana na kesi hiyo zaidi ya vitabu 500,000 vilikuwa vimekwisha kuondolewa kwenye uazimaji huo. Vingi kati ya vitabu vya miaka ya 1960 na 1970 ambavyo msomaji wa Afrika Mashariki hana pa kuvipata vilikuwa vikisomeka kwa njia hiyo tu. Haki ya wachapishaji naielewa. Hasara yetu naielewa zaidi.

Basi pengo la baada ya 1930 tulizibe vipi? Kwanza kwa njia ile ya pili ya kisheria, vitabu ambavyo wenye haki wameviachia. Hapa hazina kubwa kuliko zote ni *General History of Africa* ya UNESCO, ambayo majuzuu yake manane ya kwanza yote yanapakuliwa bure kwenye tovuti yao. Juzuu la tano lilihaririwa na Bethwell Ogot wa Kenya, na sura yake kuhusu pwani iliandikwa na Ahmed Idha Salim. Juzuu la tatu lina sura ya pwani na Komoro ya Masao na Mutoro. Isome sura ya Salim siku moja na Burton siku inayofuata. Burton atapungua ukubwa mbele ya macho yako. Kwa makala, jarida la *Swahili Forum*, ambalo siku hizi liko Leipzig, limekuwa likitoka tangu 1994 na halina malipo. Orodha ya DOAB hukusanya vitabu vya kitaaluma vilivyoachiwa na wachapishaji wa vyuo vikuu. Hifadhi ya majarida ya JSTOR humruhusu mtu yeyote aliyejiandikisha kusoma makala kadhaa kila mwezi bila kulipa, na kama wewe ni mwanafunzi, uliza maktaba ya chuo chako, kwani vyuo vingi vya Afrika vimepewa huduma hiyo bure au kwa ada ndogo na wanafunzi hawaambiwi.

Vitabu vya bei ya chee nitavipitia haraka. Wachapishaji wa vyuo vikuu hushusha bei mara kadhaa kwa mwaka, hasa mwishoni mwa mwaka. Jiandikishe kupata barua pepe zao, usubiri. Vitabu vya wachapishaji wa Kiafrika, kama Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, huuzwa pia kwa nakala tepe kupitia African Books Collective, na asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kwenye huduma za pesa kwa simu. Ukimwona Burton anauzwa dola tatu, mpite: ni yule yule wa bure, mara nyingi akiwa na makosa yale ya mashine. Na kitabu kipya kinachouzwa kwa bei ya kutupa na muuzaji asiyejulikana kina mushkeli. Mwaka 2009 Amazon ilifuta riwaya za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokuwa wamekwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziingiza sokoni hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa, vitabu vikayeyuka.

Nimeacha mwisho mlango ninaoupenda zaidi, ambao wanaoanza huupita bila kuuona. Chuo cha SOAS cha London kimeweka mtandaoni picha za miswada ya Kiswahili kutoka kwenye mikusanyo ya Taylor, Hichens, Allen na Knappert, mingi ikiwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. British Library, kupitia mpango wake wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, imeweka miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, karibu yote ya Kiarabu, vitabu ambavyo masharifu na wanafunzi wao walivisoma na kuviandika pembeni. Hapa hakuna mhariri aliyesimama katikati. Maprofesa wengi wa historia ya Afrika huko Ulaya na Marekani hawawezi kuzisoma kurasa hizi bila msaada. Kama ulipita madrasa, herufi unazijua tayari. Anza na utenzi, kwa sababu vina hukusaidia kubahatisha neno lililofifia, na uwe na kamusi ya Krapf ya 1882 pembeni, hiyo nayo ya bure. Ubeti wa kwanza utakuchukua jioni nzima.