Pindua kiti mbele ya kulipa

Wandugu, wengi wetu tunaanza maisha na meza iliyokwisha kutumika. Hapa Lubumbashi muuzaji anakuambia: "Hii ni ya wakati wa Babeleji!" na bei inapanda. Pengine anasema kweli. Lakini umbo peke yake halitoshi, sababu fundi wa leo anaweza kuiga mtindo wa zamani. Mimi ninapindua kitu kwanza.

Angalia visi. Zile za kichwa cha msalaba zilianza kuenea kutoka Marekani katika miaka ya 1930. Ukizikuta kila mahali, na hakuna matundu ya zamani, kile kitu si cha 1920. Visi moja tu inaweza kuwa ya matengenezo.

Vuta tirwari. Meno ya pembeni yasipolingana, ni mkono wa fundi. Yakiwa sawasawa kabisa, ni mashine. Mbao ikiwa ya vipande vidogo vilivyobanwa na kole, ni ya kisha vita ya pili ya dunia.

Tafuta muhuri. "Élisabethville" ni jina la mbele ya 1966. "Zaïre" ni la kati ya 1971 na 1997.

Kisha ndiyo uangalie mtindo: kona za mviringo na mapambo ya mistari ni Art Déco, ya miaka ya 1920 na 1930, miguu myembamba iliyotanuka ni ya miaka ya 1950.

Na kile kiti cha babu kule nyumbani? Kipindue nacho, mbele hamjakiuza kwa bei ya kuni.