Mbung'o na Kifutu Nyuma ya Kioo

Mtoto wa Ngara au wa Biharamulo aingiapo kwa mara ya kwanza katika nyumba ya makumbusho ya wadudu na wanyama watambaao, haingii akiwa mjinga. Maadamu amekulia kati ya migomba na vichuguu, na amepita mapori akifuata mbuzi au kuni, amekwisha kuona mengi ambayo mtoto wa mjini huyasikia tu. Illa elimu yake imechanganyika na hofu, kwa sababu aghalabu ameipata akikimbia au akiwa ameshika fimbo. Fadhila kubwa ya makumbusho ni kumsimamisha mbele ya kiumbe anayemwogopa, kioo kikiwa kati yao, akamtazama mpaka macho yake yatosheke.

Nyumba za namna hii si nyingi katika nchi yetu. Bukoba yako Makumbusho ya Kagera, madogo, yenye vyombo vya jadi na picha za wanyama wa mkoa. Mwanza kiko kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ambako juu ya majabali huota jua mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, aliyepewa na wataalamu jina la mji huo wenyewe, Agama mwanzae. Lakini mwenye uwezo wa safari ndefu ipitayo Kahama na Singida, namnasihi afike Arusha. Kwani huko, katika Boma lililojengwa na Wajerumani na kukamilika mwaka 1900, yamo tangu mwaka 1987 Makumbusho ya Elimu Viumbe, yenye sehemu ya wadudu, na takriban kilomita 25 magharibi ya mji iko bustani ya nyoka ya Meserani, iliyoanzishwa mwaka 1993.

Popote mtakapokwenda, anzeni na senene ikiwa yumo, kwa kuwa ndiye mdudu ambaye watoto wengi wa Mkoa wa Kagera wamekwisha kumshika. Aliyeketi na mama yake mwezi wa Novemba kunyofoa mabawa na miguu kabla ya kukaanga, amekwisha kufanya, pasipo kujua, somo la kwanza la elimu ya wadudu: miguu sita, mabawa manne, na mwili uliogawanyika katika kichwa, kifua na tumbo. Mkumbushe hayo, kisha mwulize masikio ya senene yako wapi. Atayatafuta kichwani asiyaone. Nayo yamo katika miguu ya mbele, chini kidogo ya magoti, kama tundu nyembamba ambazo kwazo jike humsikia dume aimbaye usiku kwa kusugua bawa juu ya bawa. Baada ya hapo buibui mwenye miguu minane, na tandu ambaye miguu yake ni mingi, mtoto atawatoa mwenyewe katika hesabu ya wadudu.

Mdudu wa kukaa naye zaidi ni mbung'o, ambaye kwa wilaya hizi mbili ni sehemu ya tarehe ya wazee wetu. Kwa ajili yake na ugonjwa wa malale anaoueneza, serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa Biharamulo kutoka katika maskani zao zilizotawanyika, ikawakusanya katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa msitu; na kwa ajili yake Charles Swynnerton aliongoza idara ya utafiti huko Shinyanga tangu mwaka 1929 hata alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Chini ya kioo mbung'o ni inzi wa kiasi tu, wala hatishi. Mfundishe mtoto kumjua kwa dalili mbili: mrija wa kunyonyea damu ulionyooka mbele ya kichwa, na mabawa ambayo, atuapo, hulaliana moja juu ya lingine kama visu vya mkasi. Kisha mweleze jambo la ajabu kuliko yote, kwamba jike hatagi mamia ya mayai kama inzi wa jikoni, bali hulea tumboni funza mmoja kwa wakati, akamzaa akiwa amekwisha kukomaa, naye funza hujichimbia udongoni papo hapo. Kiumbe azaaye polepole namna hiyo hupungua upesi akitegwa. Ndiyo maana katika mapori yenye mbung'o hutundikwa vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa sumu, kwa kuwa rangi hizo humvuta. Lau mtoto atapita Burigi-Chato, hifadhi iliyozaliwa mwaka 2019 kwa kuunganishwa mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, akaviona vitambaa vya namna hiyo, atakuwa anayo maana yake.

Kabla hamjahamia upande wa nyoka, inameni msome vikaratasi vilivyo chini ya sindano. Mbawakawa huchomwa katika bawa gumu la kulia ili upande wa kushoto ubaki mzima, na chini yake huandikwa mahali alipokamatwa, tarehe, na jina la aliyemkamata. Pasipo maandishi hayo mtaalamu hana la kusema juu yake, hata awe mzuri wa rangi namna gani. Nawasikitikia watoto wanaopitishwa mbio mbele ya masanduku hayo, kwani kumbe mtoto wa miaka minane aweza kabisa kukusanya wadudu waliokufa chini ya taa ya barazani, akawaandikia vikaratasi kwa Kihangaza au Kisubi pamoja na Kiswahili, na kazi yake ikawa na faida ya kweli.

Katika chupa za spiriti mtoto huenda akaona nyoka wa rangi ya buluu, akauliza nyoka huyo anaishi wapi. Haishi popote. Alikuwa wa kijani, na kijani chake kilikuwa mchanganyiko wa buluu na manjano. Spiriti imeiyeyusha manjano, buluu imebaki. Nyoka walio hai ndio wafundishao zaidi: ulimi unaochezacheza hauna sumu, bali hukusanya harufu hewani, chatu hana sumu, ijapokuwa nguvu zake ni za kuogopwa, nyoka wa hudhurungi anayeingia nyumbani usiku hufuata panya, na nyoka kipofu, mdogo kama mnyoo, hula mayai ya mchwa ardhini. Hao wote huuawa bure kwa kosa la kufanana na wengine.

Kifutu ni wa hadhari nyingine. Mnene, mwenye alama za mishale mgongoni, hutegemea rangi yake imfiche, basi badala ya kukimbia hulala kimya njiani mpaka akanyagwe. Mpe mtoto muda wa kumtafuta ndani ya majani makavu nyuma ya kioo. Akikawia kumwona, amepata somo ambalo maneno hayalitoi, na atakubali bila kubishana kutembea usiku na tochi, kuvaa viatu shambani, wala asiguse nyoka yeyote, hai au aliyedhaniwa kufa. Meserani wanayo zahanati ambayo imetibu wengi walioumwa, na Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka mwaka 2017 katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Kwa hiyo waulizeni watunzaji mbele ya watoto nini cha kufanya. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala kiungo kisikazwe kwa kamba. Mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, kiungo kifungwe ubao kisitikisike, kisha abebwe upesi hospitalini, Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, yoyote iliyo karibu.