Kompyuta yafichua oda inapokwama

KARAKANA inayotengeneza bidhaa kwa oda hupata faida au hasara kutegemea siku ya kukabidhi mzigo. Mteja humalizia malipo anapopokea bidhaa yake, hivyo kila siku ya kuchelewa huacha mtaji umelala huku riba ya benki ikipanda.

Dawa ya tatizo hilo si ngeni. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani, pamoja na Remington Rand, ilibuni njia ya kupanga kazi za ujenzi kwa kompyuta ya UNIVAC. Morgan Walker na James Kelley walionyesha kuwa ni kazi chache tu zinazoamua tarehe ya mwisho. Nyingine zina nafasi ya kusubiri. Hesabu hiyo ndiyo iliyomo katika programu ya Microsoft Project, iliyotoka mwaka 1984, na katika GanttProject isiyolipiwa.

Mfano wa basi

Chukua oda ya bodi la basi. Fremu ya chuma siku 10, mabati siku 6, rangi siku 5: jumla siku 21. Viti hutengenezwa pembeni kwa siku 12. Vioo vya kuagiza hufika baada ya siku 24. Baada ya hapo ni kufunga vioo na viti siku 6, kisha ukaguzi siku 2. Basi litatoka siku ya 32.

Kinachoamua tarehe hapo ni vioo. Kuwalipa mafundi wa kuchomelea muda wa ziada hakupunguzi hata siku moja. Mwenye karakana akingoja fremu imalizike ndipo aagize vioo, basi litatoka siku ya 42. Akipata muuzaji wa kuleta vioo kwa siku 18, litatoka siku ya 29, si ya 26, kwa kuwa sasa kazi ya bodi yenyewe ndiyo inayochelewesha.

Faida nyingine huonekana oda zinapokuwa mbili au zaidi. Programu huonyesha mapema kuwa fundi rangi mmoja amepangiwa mabasi mawili wiki moja, kabla mteja wa pili hajaahidiwa tarehe.

Hata wakubwa hukwama

Mwezi Juni 2006 hisa za EADS, iliyomiliki Airbus, zilianguka kwa takriban asilimia 26 kwa siku moja baada ya kutangaza kuchelewa kwa ndege za A380. Kiini kilikuwa nyaya za umeme, ambazo hutofautiana kwa kila shirika la ndege. Wasanifu wa Ujerumani na Ufaransa walitumia matoleo tofauti ya programu ya usanifu, na nyaya zikashindwa kuenea zilipofika kufungwa.

Programu haijui kilichotokea karakanani mpaka iambiwe. Mpango usiosahihishwa kila wiki ni pambo la ukutani.

Kwa mwenye fedha za kukopesha au kununua hisa, maswali ya kuuliza ni matatu: kazi gani inaamua tarehe ya kukabidhi, malipo ya awali ya mteja yanatosha kuagiza kifaa kinachochukua muda mrefu, na mpango ulisahihishwa lini mara ya mwisho. Kiwanda kinachosita kujibu swali la kwanza kinakisia tarehe zake, na hatari ya kukisia huko inambebesha mwekezaji.