Kufomati Flashi Si Dawa ya Shotikati

"Fundi, flashi yangu imeingia shotikati, niifomati?" Swali hili nimeulizwa Mwanjelwa na nimeulizwa Kihesa. Huulizwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ambaye siku ya kukabidhi utafiti wake imemkaribia, na mwalimu wa Mufindi aliyebeba alama za mtihani za darasa zima, na katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kule Mbozi ambaye hesabu za msimu zimo katika kitu kisichozidi kidole cha shahada kwa urefu. Na aghalabu huulizwa baada ya tendo, maana muulizaji amekwisha kushauriwa na kijana wa steshenari, na kijana amekwisha kubonyeza, na kazi ambayo ingeokolewa kwa dakika tano sasa inataka siku nzima, ikiwa inaokoleka. Kwa kuwa jibu la mdomo, kwa mtu mmoja mmoja, halifui dafu mbele ya ushauri mbaya unaotolewa bure kila kona, nalijibu hapa kwa maandishi: usiifomati.

Dhana iliyoenea baina ya watu, tena watu wenye elimu yao, ni kwamba kirusi kimeingia ndani ya flashi, kimezila faili, kimeacha mabaki yenye majina yale yale, na kwa hiyo hakuna la kufanya ila kuisafisha flashi yote ili uchafu uondoke. Dhana hiyo ina nusu mbili, na zote mbili ni batili. Nusu ya kwanza yadai kwamba faili zimekufa, ilhali zi hai. Nusu ya pili yadai kwamba maradhi yamo ndani ya flashi peke yake, ilhali makao yake ni kompyuta.

Chukua flashi yenye maradhi haya uitazame kwa utulivu, bila ya kufungua kitu. Utaona folda tano, tuseme Picha, Barua, Mahesabu, Utafiti na Sura ya Nne, kila moja ina kimshale kidogo kwenye pembe ya chini ya kushoto, na kila moja ukiiuliza ukubwa wake hukuambia kilobaiti moja au mbili. Sasa iulize flashi yenyewe, iliyo ya gigabaiti 8, imejaa kiasi gani, nayo itakujibu kwamba gigabaiti 3 zimetumika. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuibomoa nusu ya kwanza ya dhana, kwa sababu vitu vitano vya kilobaiti mbili mbili haviwezi kujaza gigabaiti 3. Zile gigabaiti ni kazi yako, ipo pale pale ulipoiweka, neno kwa neno, ila imefichwa. Kirusi kimezibandika folda zako sifa mbili ambazo Windows huzitumia kwa faili zake yenyewe, sifa ya kufichika na sifa ya kuwa mali ya mfumo, na Windows kwa desturi yake haimwonyeshi mtumiaji kitu chochote chenye sifa hizo. Aina nyingine hutumia hila tafauti: hukusanya kila kitu ndani ya folda moja ambayo jina lake ni herufi ya nafasi tupu, isiyoonekana kwa macho, kisha huweka shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe.

Ukiichunguza ile shotikati kwa ndani, mahali palipoandikwa inakoelekea, huoni jina la folda yako peke yake. Unaona kwanza cmd.exe, ndiyo programu ya Windows ya kupokea amri, kisha amri ya kukiamsha kirusi kilichojificha papo hapo, kisha ndipo amri ya kuifungua folda yako ya kweli. Hapo ndipo ulipo werevu wa mtungaji wake, kwani mtu hubonyeza mara mbili, folda yake ikafunguka, akaziona barua zake na picha zake zimetimia, akasema moyoni kwamba mambo ni salama, na kumbe katika nukta ile ile ameiambukiza kompyuta aliyoketi mbele yake. Nayo kompyuta ikisha kuambukizwa, kirusi hujiandikisha miongoni mwa programu zinazoamka kila Windows inapowaka, kikakaa kikingojea. Na kila flashi itakayochomekwa baada ya hapo, yako wewe au ya mteja wa saa nane mchana, hufanyiwa yale yale kabla mwenyewe hajauliza bei ya kuprinti.

Windows za zamani ziliendesha zenyewe programu iliyomo katika flashi mara tu ilipochomekwa. Windows 7 iliikomesha tabia hiyo, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza marekebisho ya kuikomesha hata katika XP na Vista. Mlango huo ulipofungwa, watunzi wa virusi walihitaji mtu wa kuwafungulia kwa mkono wake mwenyewe, na shotikati ikawafaa mno kwa kazi hiyo. Basi mwenye kusema kwamba kirusi cha aina hii kiliingia chenyewe na ajue kwamba kiliingizwa kwa kidole.

Sasa tuitazame dawa yenyewe. Kijana wa steshenari anaifomati flashi yako katika kompyuta ipi? Katika ile ile iliyoiambukiza. Flashi inatoka tupu, na kabla hujaichomoa kirusi kilichomo katika kompyuta kimekwisha kujinakili tena ndani yake, kikingojea folda ya kwanza utakayoiweka ili kiifiche. Ni sawa na mtu aliyeumwa na kunguni katika nyumba ya wageni, akaichoma moto suruali yake na fedha zimo mfukoni, kisha usiku wa pili akalala kitanda kile kile. Nimewaona watu walioifomati flashi moja tena na tena katika wiki moja, kila mara wakishangaa kwamba shotikati zimerudi, hatimaye wakanunua flashi mpya, nayo ikapata shotikati siku ile ile, na bado haikuwapitikia kuishuku kompyuta.

Wapo wanaonikabili kwa hoja kwamba wao walifomati na maradhi hayakurudi. Naam, hayakurudi kwa sababu baada ya hapo flashi ilichomekwa katika kompyuta nyingine iliyokuwa safi, na kompyuta ile ya kwanza ingali inaambukiza watu wengine hivi sasa. Na je, kilichokuwamo ndani ya flashi? Hapo hunyamaza, au husema kwamba walikuwa na nakala nyumbani, jambo ambalo mwanafunzi anayelia mbele yangu hakulifanya.

Madhara ya fomati si ya kubuni. Fomati ya haraka hufuta orodha ya majina ya faili na mahali zilipo, na kuyaacha maandishi yenyewe mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwa hiyo aliyekwisha kufomati kwa haraka bado ana tumaini, maadamu haongezi hata herufi moja katika flashi ile, na programu kama Recuva au PhotoRec zaweza kumrudishia sehemu kubwa, ingawa PhotoRec humrudishia faili zisizo na majina yake ya asili, akabaki kuzifungua moja moja kutafuta ipi ni ipi. Lakini fomati kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri juu ya flashi nzima, na hapo hakuna fundi wa Iringa wala wa Dar es Salaam atakayekufaa kitu. Tafauti ya haya mawili ni alama moja ya vema katika kisanduku kidogo, ambacho mtu mwenye haraka hakisomi.

Kwa wale wanaoona kwamba shotikati ni maudhi tu ya steshenari, yasiyostahili kusumbua kichwa, nina habari nyingine. Septemba 2023 watafiti wa kampuni ya usalama ya Mandiant walieleza juu ya kundi la wapelelezi wa mtandaoni, ambalo wao wanalihusisha na China, lililokuwa likipenya katika taasisi mbalimbali kwa kirusi cha flashi kiitwacho Sogu, ambacho wengine hukiita PlugX. Maambukizo mengi yalianzia katika matawi ya Afrika ya mashirika ya kimataifa; miongoni mwa nchi zilizotajwa imo Tanzania, pamoja na Kenya, Zimbabwe, Ghana, Misri na Madagaska; na baadhi ya flashi zilionekana kuupata ugonjwa katika kompyuta zinazotumiwa na watu wengi, katika maduka ya kuprinti na mikahawa ya intaneti. Mwezi huo huo kampuni ya Kifaransa ya Sekoia ililipa dola 7 za Kimarekani ikaipata anwani moja ya mtandao iliyotelekezwa na wenyewe, ambayo toleo la PlugX lenye kujisambaza kwa flashi lilikuwa likiripoti kwake, na ikakuta kwamba kila siku anwani za mtandao za kompyuta baina ya 90,000 na 100,000 zilikuwa zingali zinaibishia hodi zikingoja amri. Toleo hilo ndilo lenye ile hila ya folda isiyo na jina niliyoitaja. Januari 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatangaza kwamba FBI, kwa idhini ya mahakama na kwa msaada wa Wafaransa, imekifuta kirusi hicho katika kompyuta 4,258 za nchini humo. Tazama walikoanzia: katika kompyuta, ambako kirusi kinaishi na ambako kinasoma nywila za benki, za barua pepe na za mishahara. Mwenye kuifomati flashi akaiacha kompyuta ameyaacha yote hayo yakiendelea.

Yapo maradhi mengine ambayo watu huyachanganya na haya, nayo ni pale Windows yenyewe inaposema kwamba flashi haitumiki mpaka ifomatiwe. Hayo mara nyingi hutokana na flashi kuchomolewa ghafla au umeme kukatika katikati ya kunakili, jambo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalijua vyema msimu wa radi. Orodha ya faili imevurugika, na Windows haioni njia. Kataa, ufunge dirisha hilo, uanze kwa programu za kuokoa faili nilizozitaja.

Basi fanya hivi. Usibonyeze shotikati yoyote, ichomoe flashi. Kama una simu ya Android na waya wa OTG, unaouzwa katika maduka ya vifaa vya simu, ichomeke flashi katika simu: kirusi cha Windows hakiendesheki humo, na simu aghalabu haizijali zile sifa za kufichika, kwa hiyo utaziona folda zako zimekaa kama kawaida, pamoja na ile isiyo na jina. Nakili kazi yako, ukiziacha shotikati na kila faili usiyoitambua, hasa zenye kuishia na .lnk, .vbs, .js au .exe. Kompyuta yenye Linux hufaa vivyo hivyo. Ukiwa huna haya wala yale, tafuta kompyuta ya Windows uliyo na yakini kwamba ni safi, fungua dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiiweka herufi ya flashi yako mahali pa E, na folda zitajitokeza. Kompyuta iliyoambukizwa ikaguliwe yote kwa Microsoft Defender, kwa ukaguzi ule unaoizima na kuiwasha upya mashine na kutafuta kabla Windows haijaamka; usirundike antivirasi mbili, kwani hugombana. Kama ni Windows 7, matunzo yake yalikoma tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo panga kuhama. Kazi ikisha kuokolewa na kompyuta ikisha kupona, hapo fomati flashi ukitaka. Haina madhara tena.

Ukienda kuprinti, geuza waraka kuwa PDF uutume kwa WhatsApp au barua pepe ya duka, wala usifungue akaunti yako katika kompyuta yao. Ikiwa lazima flashi, nenda na flashi yenye waraka huo mmoja tu, au kadi ya SD yenye kile kifungo cha kuzuia kuandikwa, ukiwa umekifunga. Utafiti wako uwe mahali pengine pawili. Nawe mwenye steshenari, washa Defender uliyoizima kwa ajili ya Windows ya bandia, weka programu kama Deep Freeze inayoirudisha kompyuta katika hali yake ya asubuhi kila inapowashwa upya, na uiwashe upya angalau kila mchana. Na mteja akija na flashi yenye shotikati, mwambie kwanza kwamba faili zake zipo.