Zana za akili bandia: Ada ndogo, ankara kubwa

USHINDANI katika soko la zana za akili bandia zinazowasaidia waandaaji wa programu za kompyuta umezidi kuwa mkali, lakini vikundi vidogo vinavyotaka kununua zana hizo vinapata taabu kuchagua. Sababu ni kwamba ada anayotangaza muuzaji mara nyingi siyo fedha inayolipwa mwisho wa mwezi.

Mwaka 2025, GitHub Copilot, mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, iliuzwa dola 19 kwa mtu mmoja kwa mwezi katika mpango wa biashara. Mshindani wake, Cursor, inayotengenezwa na kampuni ya Anysphere, ilitoza dola 40 kwa kila mtu katika mpango wa vikundi.

Kwa kikundi cha watu watano, hiyo ni dola 1,140 kwa mwaka kwa Copilot na dola 2,400 kwa Cursor. Tofauti ya dola 1,260 si ndogo kwa ofisi inayolipwa na wateja wake kwa shilingi.

Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Kila ombi linalotumwa kwa modeli kubwa humgharimu muuzaji fedha, na katika mwaka huo wauzaji walianza kuuhamishia mzigo huo kwa mnunuzi. Juni 2025, Copilot iliweka kikomo cha maombi 300 kwa mwezi ya daraja la juu kwa kila mtumiaji wa mpango wa biashara. Ombi la ziada lilitozwa senti 4 za dola.

Mwezi huohuo, Cursor iliacha utaratibu wa maombi 500 kwa mwezi katika mpango wake wa dola 20 kwa mtu binafsi, ikaanza kuhesabu matumizi kwa thamani ya fedha. Baadhi ya wateja walipata ankara wasizozitarajia. Julai 4, kampuni hiyo iliomba radhi na kuahidi kurejesha fedha zao.

Aidha, wauzaji wenyewe hawajatulia. Julai 2025, mpango wa OpenAI kuinunua Windsurf kwa takriban dola bilioni 3 ulivunjika. Google ikamchukua mkurugenzi mkuu wa Windsurf pamoja na baadhi ya wataalamu, na siku chache baadaye kampuni ya Cognition ikanunua kilichobaki. Hali hiyo inaonyesha hatari ya kulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo ili kupata punguzo.

Nafuu iliyopo ni kwamba Cursor na Windsurf zote zilijengwa juu ya msingi wa VS Code, programu ya Microsoft iliyotoka mwaka 2015. Aliyezoea moja hahitaji muda mrefu kuizoea nyingine.

Suala jingine ni faida yenyewe. Utafiti wa taasisi ya METR uliotolewa Julai 2025 uliwafuatilia waandaaji 16 wazoefu katika kazi 246. Walipotumia akili bandia walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, huku wenyewe wakiamini kuwa wameokoa asilimia 20. Waandaaji hao walikuwa wakishughulikia programu wanazozifahamu vizuri, hivyo matokeo hayo hayawezi kuchukuliwa kuwa ya kila ofisi. Yanachoonyesha ni kwamba hisia ya kwenda kasi si kipimo.

Kwa mnunuzi mdogo, njia ya salama ni kulipia mwezi mmoja mmoja, kuweka kikomo cha matumizi ya ziada tangu siku ya kwanza, na kuzijaribu zana mbili kwa wiki mbili katika kazi halisi za wateja. Saa zihesabiwe zote, pamoja na zile za kukagua na kusahihisha kilichoandikwa na mashine. Zana isiyopunguza saa hizo ni ghali, hata ikiuzwa kwa dola 10.