Kioo cha kompyuta kikichezacheza wakati wa kukokotoa malipo ya wakulima, usikimbilie kuzima

Chukua mfano huu. Ni msimu wa dengu. Ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, katika kijiji kimoja wilayani Iramba, imejaa watu tangu asubuhi. Mnada umepita, fedha ya mnunuzi imeingia benki, na kila mwanachama anataka kujua lake. Katibu anawasha kompyuta mpakato, anafungua faili la Excel aliloachiwa na katibu aliyemtangulia, kisha anabofya kitufe kilichoandikwa "Kokotoa Malipo".

Ghafla kioo kinaanza kuchezacheza. Kurasa zinapita mbio, moja baada ya nyingine. Rangi zinawaka na kuzima. Kisha kioo chote kinakuwa cheupe na kuganda. Mtu mmoja nyuma anapaza sauti: "Hicho ni kirusi, zima haraka!" Katibu anabonyeza kitufe cha kuzimia.

Kioo kuchezacheza hakukuwa hatari. Hatari imeanza pale mashine ilipozimwa katikati ya hesabu za watu.

Makala haya ni kwa makatibu, wahasibu na waweka hazina wanaotumia Excel, na pia kwa wewe mwanachama unayesubiri malipo yako nje ya mlango.

Makro ni kitu gani?

Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao mfumo wake wa kidijitali wa vyama vya ushirika, unaoitwa MUVU. Hata hivyo, faili la Excel bado lina kazi yake ofisini, na kwa baadhi ya vikundi vya kuweka na kukopa ndilo daftari lenyewe.

Ndani ya faili kama hilo huwa kuna makro. Makro ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe ukibofya kitufe. Ni kama karani uliyemwelekeza mara moja tu: soma kilo za mwanachama wa kwanza, zidisha kwa bei, toa makato, andika jibu, nenda kwa mwanachama wa pili. Karani huyu hachoki. Lakini pia hafikirii. Ukimwagiza vibaya, atakosea kwa kasi ileile. Lugha ya kuandikia maagizo hayo inaitwa VBA, na imekuwa ndani ya Excel tangu mwaka 1993.

Kwa nini kioo kinachezacheza?

Makro nyingi zimetengenezwa kwa kurekodi. Mtu anabonyeza kitufe cha kurekodi, anafanya kazi kwa mkono, na Excel inakariri kila alichofanya: amefungua ukurasa wa mizani, amechagua kisanduku, amerudi ukurasa wa malipo, amebandika. Makro ikiendeshwa, inarudia yote hayo, na Excel inachora kioo upya kila inaporuka.

Sasa piga hesabu. Kama chama kina wanachama 340, na kwa kila mmoja makro inaruka kurasa tatu, kioo kinachorwa upya zaidi ya mara 1,000 kwa dakika chache. Jicho lako linaona vurugu. Kumbe karani yuko kazini, ila anafanya kazi yake hadharani.

Na kuganda je? Mashine ikizidiwa na hesabu, inakosa nafasi ya kuchora kioo. Juu ya dirisha yanatokea maneno "Not Responding". Mara nyingi maana yake si kwamba imekufa, bali imeshika kazi na haiwezi kukujibu kwa sasa.

Ikitokea, fanya hivi

Kwanza, tazama saa. Kama kazi hiyo kwa kawaida huchukua dakika mbili, ipe hata kumi kabla ya kuamua lolote. Usibofye bofye ovyo. Mibofyo yako inaweza kupanga foleni, na makro ikimaliza ikaanza tena mara ya pili.

Pili, ukiona muda umezidi mno, bonyeza kitufe cha Esc. Kwa kawaida kitatokea kisanduku kinachouliza uendelee au usimamishe. Chagua "End". Kisha funga faili bila kuhifadhi.

Tatu, usitegemee kitufe cha kurudisha nyuma. Kazi iliyofanywa na makro kwa kawaida haifutiki kwa Ctrl+Z. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni hii: kabla ya kubofya "Kokotoa", tengeneza nakala ya faili na uipe jina lenye tarehe. Nakala hiyo ndiyo bima yako.

Nne, kama umeme umekatika au mashine imezimwa, Excel ikifunguliwa tena inaweza kukuletea faili iliyookoa yenyewe. Usilitumie kulipa watu. Huenda lina nusu ya hesabu. Rudi kwenye nakala yako ya kabla ya kazi, uanze upya.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Tuseme makro inakata deni la mbegu, shilingi 40,000, kutoka kwa kila mwenye mkopo. Imezimwa ikiwa imefika kwa mwanachama wa 150, na nusu hiyo ikahifadhiwa. Katibu anaibofya tena, nayo inaanza tena kwa mwanachama wa kwanza. Watu wenye mikopo katika wale 150 watakuwa wamekatwa 80,000. Hakuna aliyeiba, lakini kikao kijacho kitawaka moto.

Jinsi ya kukituliza kioo

Kazi hii ifanywe na mtu anayeelewa kidogo, na ifanywe kwenye nakala. Fungua faili, bonyeza Alt na F11 kwa pamoja. Utaona maandishi ya makro. Kila makro inaanza kwa neno Sub na kuishia na End Sub. Chini ya mstari wa Sub, andika:

Application.ScreenUpdating = False
On Error GoTo Mwisho

Na juu ya End Sub, andika:

Mwisho:
Application.ScreenUpdating = True
If Err.Number <> 0 Then MsgBox "Hesabu haikukamilika: " & Err.Description

Mstari wa kwanza unaiambia Excel isichore kioo mpaka kazi iishe. Kioo kinatulia, na mara nyingi kazi inakwisha mapema zaidi, kwa sababu muda wa kuchora umeokolewa. Mistari ya mwisho inarudisha kioo, na kama kuna kosa lililotokea njiani, inakwambia waziwazi. Usiache mstari huo wa ujumbe. Makro inayoshindwa kimyakimya ni mbaya kuliko inayopiga kelele.

Tiba nzuri zaidi ni kuondoa kurukaruka kwenyewe. Ukiona makro imejaa maneno Select na Activate, hiyo ni ya kurekodiwa. Anayejua VBA anaweza kuiandika upya isome na kuandika bila kuhama ukurasa.

Lakini kama kioo kinachezacheza hata bila kuendesha makro, tatizo ni jingine. Fungua programu nyingine uangalie. Kama huko pia kinacheza, kosa liko kwenye mashine: kioo, waya, au programu inayoendesha picha. Kama ni Excel peke yake, katika matoleo mengi unaingia File, kisha Options, kisha Advanced, unashuka hadi sehemu ya Display, na kuweka alama kwenye "Disable hardware graphics acceleration". Funga Excel, uifungue tena.

Utulivu unaodanganya

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ili kuongeza kasi, baadhi ya watengenezaji wa makro huzima pia ukokotoaji wa Excel kwa muda. Makro ikikwama kabla ya kuuwasha tena, kioo kinatulia vizuri, kila kitu kinaonekana sawa, lakini majumla yaliyopo ni ya zamani. Unabadilisha kilo, jumla haibadiliki. Unabadilisha bei, jumla imelala.

Kipimo chake ni rahisi. Badilisha namba moja kwenye nakala. Kama jumla haisogei, bonyeza F9. Ikisogea baada ya hapo, ujue ukokotoaji ulikuwa umezimwa. Nenda Formulas, kisha Calculation Options, uchague Automatic.

Kwa hiyo usiipime kazi kwa macho. Kioo kinaweza kucheza na hesabu ikawa sahihi. Kioo kinaweza kutulia na hesabu ikawa imepotoka. Pima kwa jumla: jumla ya kilo kwenye malipo ilingane na kilo za ghalani, na jumla ya fedha za wanachama pamoja na makato ilingane na fedha iliyoingia benki. Zisipolingana hata kwa shilingi chache, usilipe kwanza. Tafuta sababu.

Faili lililokuja kwa simu

Mara nyingi faili hutumwa kwa WhatsApp au barua pepe. Kuna mambo mawili ya kujua.

La kwanza: Excel ya kwenye simu haiendeshi makro hizi. Faili litafunguka, namba utaziona, lakini kitufe hakitafanya kitu. Usidhani limeharibika. Pia faili lenye makro huishia na herufi xlsm. Mtu akilihifadhi kama xlsx, makro zinaondoka.

La pili: tangu mwaka 2022, Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka mtandaoni. Ukilifungua kwenye kompyuta unaweza kuona mstari mwekundu wa onyo. Onyo hilo lina sababu. Mwaka 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilienea duniani kikiwa ndani ya makro ya faili la Word. Kwa hiyo mpigie simu aliyekutumia, uhakikishe ni yeye na ni faili lake. Ukisharidhika, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, weka alama kwenye "Unblock". Kama hujui limetoka wapi, liache.

Wewe mwanachama, una kikokotoo mfukoni

Huhitaji kujua makro ili kulinda jasho lako. Hata simu ya vitufe ina kikokotoo. Unahitaji vitu vitatu: kilo zilizoandikwa kwenye karatasi yako ya mizani, bei ya mnada, na makato yaliyotangazwa kwa kila kilo.

Kwa mfano, umepeleka kilo 312 za dengu. Tuseme bei ni shilingi 1,850 kwa kilo. Zidisha, unapata 577,200. Tuseme makato ni shilingi 60 kwa kilo. Zidisha kwa 312, unapata 18,720. Toa. Zinazobaki ni shilingi 558,480. Kama ulichukua mbegu kwa mkopo, toa na hilo, mara moja tu.

Jibu lako likipishana na la chama, usianze kwa kelele. Nenda na karatasi yako ya mizani, uombe kuonyeshwa mstari wako. Huenda makato fulani hukuyasikia mkutanoni. Au huenda umegundua kosa ambalo limewagusa wenzako 150 bila wao kujua.

Na wewe katibu, ukibofya kitufe na kioo kikaanza kucheza mbele ya watu, waambie: "Mashine inapitia majina yenu, mmoja mmoja. Tusubiri." Kisha subirini pamoja, na nakala ya faili ikiwa imeshahifadhiwa pembeni.