Wanawake Katika Vita vya Majini



Ng'ambo ya Mto Nile, karibu na mji wetu wa Juba, kuna mahali paitwapo Gondokoro. Mwaka 1871 Mwingereza Samuel Baker, aliyekuwa ametumwa na mtawala wa Misri, alipandisha bendera hapo na kupaita Ismailia, kwa heshima ya bwana wake, Khedive Ismail. Jina hilo halikudumu. Lakini miaka 73 baadaye jina la Khedive huyo lilikuwa jina la meli iliyozama katika Bahari ya Hindi, ikiwa imejaa askari wa Afrika Mashariki na wanawake waliovaa sare. Tunaieleza habari ya meli hiyo leo kwa sababu inalihusu jambo ambalo bado tunalo hapa kwetu: ni nani anayehesabiwa kuwa askari?

Tuanze na asili yake. Uingereza iliunda tawi la wanawake katika jeshi lake la majini mwaka 1917, ikalivunja mwaka 1919, na kuliunda upya mwaka 1939 vita vilipokuwa vikikaribia tena. Shabaha ilikuwa moja: mwanamke ashike kazi ya nchi kavu ili mwanamume apelekwe melini. Kufikia mwaka 1944 wanawake hao walikuwa zaidi ya 70,000. Walikuwa makarani, madereva, mafundi na wapokeaji wa habari za redio.

Vita hivyo vilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Kijapani zilishambulia bandari za Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, na manowari za Uingereza zikahamia Kilindini, Mombasa. Baadhi ya wanawake wa jeshi la majini walihamia huko pia. Kazi yao ilikuwa kukaa na vyombo masikioni, usiku na mchana, wakinakili ishara za redio za adui ili mafumbo yake yafumbuliwe. Wale kati yenu mnaoshika redio mnaifahamu kazi hiyo. Herufi moja ikikosewa, msafara mzima waweza kupotea.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za kuchukua askari uling'oa nanga Kilindini kuelekea Ceylon. Mojawapo ilikuwa ile Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu elfu moja walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa njiani kwenda katika vita vya Burma. Walikuwamo pia wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi wa jeshi, pamoja na wanawake wa jeshi la majini.

Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga meli hiyo kwa makombora mawili ya chini ya maji. Meli ilizama katika muda wa dakika mbili hivi. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kuzifikia ngazi. Kisha likafuata jambo zito zaidi. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za ulinzi zilikuwa na meli nyingine nne za kulinda, na maelfu ya watu ndani yake. Zikaamua kutupa mabomu ya kulipukia majini, na baadhi ya wenzao wakafa kwa mabomu hayo. Nyambizi iliangamizwa siku hiyo hiyo. Waliokufa kutoka katika meli ile walikuwa 1,297. Katika wanawake wale, 77 walikufa na sita tu wakaokoka.

Sasa, ndugu wasikilizaji, litazameni neno hili. Wanawake wa jeshi la majini hawakuruhusiwa kupigana katika manowari. Hata sheria ya nidhamu ya jeshi hilo haikuwahusu mpaka mwaka 1977, na hawakupangwa kwenda baharini katika manowari mpaka mwaka 1990. Kwa sheria walikuwa nusu ndani, nusu nje. Lakini kombora halikusoma sheria hiyo. Lilimkuta mpiga mizinga na muuguzi katika chombo kimoja, likawazamisha pamoja.

Hapa kwetu hatukuwa na bahari, lakini tulikuwa na mito, vinamasi na safari ndefu za miguu. Katikati ya miaka ya 1980 harakati za SPLA ziliunda kikosi cha wasichana kilichojulikana kwa jina la Katiba Banat, wakafunzwa silaha nchini Ethiopia. Baadaye wanawake wengi waliondolewa mstari wa mbele. Wakabeba risasi na chakula, wakabeba majeruhi, wakapika, wakauguza. Ulipofika wakati wa kuwarudisha wapiganaji uraiani, baada ya Mkataba wa Amani wa tarehe 9 Januari 2005, wanawake wengi waliandikwa katika fungu la "walioambatana na majeshi." Hawakuandikwa askari.

Tofauti ya maneno hayo si ndogo. Askari ana namba, cheo, na madai ya malipo yake. Aliyeambatana hana namba wala cheo. Na mara nyingi aliyeamua nani aitwe nani alikuwa ni yule tu aliyeishika orodha.

Mkataba wa Septemba 2018 uliwatengea wanawake asilimia 35 ya nafasi katika uongozi wa serikali. Hilo ni jambo la wakubwa. Lakini daftari la kikosi lipo mkononi mwa kamanda na karani wake. Mwanamke anayeshika redio, anayeuguza, anayelinda lango la kituo cha polisi, na aandikwe kwa jina lake, namba yake na kazi anayoifanya kweli, siku ile ile anapoianza. Asiyeandikwa leo hatakuwa na ushahidi kesho, wala watoto wake hawatakuwa nao.

Jijini Nairobi kuna ukumbusho wenye majina ya askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail. Miili yao haikupatikana, lakini majina yao yanasomeka hadi leo, kwa sababu kabla ya meli kung'oa nanga, mtu fulani aliyaandika.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya askari ni jina lake kuwamo katika daftari.